Kusimama tu mjini

Simama pale Archives, katikati ya Nairobi, ukimngoja mtu aliyekwambia yuko "hapa tu Ngara". Sogea kidogo kwenye kivuli cha duka la jirani. Askari wa mlangoni atakuangalia, atageuka, atakuangalia tena. Mwishowe anagonga rungu kwenye grili: "Boss, songa mbele." Kuketi nako ni shida, maana kingo za madirisha zimewekwa vyuma vyenye ncha. Lakini ingia mkahawani, agiza chai moja uikalie saa tatu, hakuna atakayekuita mzururaji. Una mkutano.

Kwa hiyo mimi naona kinachoadhibiwa ni kusimama ukiwa huna kitu. Hata chimbuko la sheria ya uzururaji ni hilo. Uingereza iliitunga mwaka 1824, mitaa ilipojaa maskini na askari waliorudi vitani bila kazi, kisha wakoloni wakatuletea huku kuzuia Mwafrika asionekane mjini bila mwajiri. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika kule Arusha ikatoa ushauri kwamba sheria za aina hii zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na nchi zizifute au zizirekebishe.

Sasa sikiza vituko. Sheria ndogo za jiji la Nairobi za 2007 bado zinataja kuzurura kwa nia ya ukahaba. Hiyo nia kanjo, yaani askari wa jiji, anaisomea wapi saa tano usiku? Kwenye urefu wa sketi. Dada aliyetoka kuhudumu hotelini anangoja matatu, miguu imemvimba, na ndiye anayetakiwa kueleza anafanya nini barabarani. Mwanamume aliyesimama kando yake, mlevi chakari, haulizwi kitu. Na tusidanganyane, mara nyingi maelezo yanayotakiwa ni ya noti.

Angalau tuna bustani ya Jeevanjee. Mfanyabiashara Mzee A. M. Jeevanjee aliwaachia wakazi bustani ile mwaka 1906, na mwaka 1991 ilipotaka kugeuzwa maegesho ya magari, mjukuu wake Zarina Patel akaongoza upinzani. Leo watu wanaketi pale mchana kutwa wakibishana siasa, bila kununua hata karanga. Ila jiji lina watu zaidi ya milioni nne. Tuwekeeni mabenchi barabara ya Tom Mboya pia, kivulini, na mtu asiulizwe anangoja nani.