Boti Anayesikiliza Adhana

Boti, yaani mchezaji anayeendeshwa na kompyuta, hatoboi dari. Hilo nilimwambia mpwa wangu mapema kabisa, nikiwa nimesimama nyuma ya benchi lake kwenye banda langu la kuchaji simu hapa Newala. Angenisikia, mambo ya korosho za baba yake yangebaki siri mpaka leo.

Walikuwa kwenye ule mchezo wa bunduki wa watano kwa watano. Wanne wamejazana bandani kwangu. Wa tano alikuwa jina tu, neno "Mchezaji" likifuatiwa na tarakimu ndefu kama namba ya king'amuzi. Haongei, hasalimii, ukimuuliza hajibu. Mpwa akatoa hukumu: "Huyo boti. Mtangulizeni mbele akale risasi, sisi tupite."

Boti wapo, sikatai. Watengenezaji huwajaza kwenye mechi za viwango vya chini ili foleni isiwe ndefu, na ili mgeni asichapwe siku ya kwanza akaufuta mchezo kwa hasira. Fortnite ilianza kuwaingiza mwaka 2019, na kadiri uwezo wako unavyopanda ndivyo wanavyopungua kwenye mechi zako. Counter-Strike ya zamani ilikuwa na adabu: kwenye safu ambayo wengine waliandikiwa ping, yaani muda wa taarifa zao kwenda na kurudi mtandaoni, boti aliandikiwa BOT, ukajua unapigana na nani. Michezo mingi ya simu haikwambii kitu. Inabidi umsome mtu kwa mwendo wake.

Basi mwangalie huyu wa kwetu. Alikuwa anakimbia huku anatazama mbinguni. Kwenye simu, gumba la kushoto linakutembeza, la kulia linageuza macho na kulenga. Mgeni analikumbuka moja kwa wakati. Akitembea hatazami, akitazama hatembei. Boti hana gumba. Hukimbia kifua mbele, husimama ghafla, hugeuka kwa mkupuo mmoja mpaka akukabili, kisha hupiga kwa vipindi vinavyolingana, na risasi nyingi zinakukosa kwa sababu ndivyo alivyopangwa. Huyu alikandamiza kitufe mpaka risasi zote 30 zikaisha. Bunduki ikipigwa mfululizo mdomo wake hupanda, na asiyejua kuvuta gumba la kulia kwenda chini ili aitulize huishia juu. Dari ilitobolewa haswa. Halafu akajaza risasi katikati ya uwanja, adui anamtazama, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena. Kitufe cha kuchuchumaa kiko jirani na cha kujazia. Hicho ni kidole kinene, wala si programu.

"Mjomba, boti wa siku hizi wanafundishwa kujifanya wajinga," mpwa akanijibu bila kugeuka.

Nikamwonyesha jambo kubwa zaidi. Yule mtu anafika mlangoni, mara anarushwa nyuma hatua kadhaa, anafika tena, anarushwa tena. Huo ni mtandao. Boti kwa kawaida anaendeshwa na seva yenyewe, ile kompyuta kuu ya mchezo, hana bando la kuyumba. Mtu wa huku hatua zake zinapita mnarani na kusafiri mpaka kwenye seva iliyo mbali. Taarifa zikichelewa, seva inamrudisha pale ilipomwona mara ya mwisho. Wakacheka. Mmoja akasema labda boti naye bando limeisha.

Maiki ya mpwa wakati wote huo ilikuwa wazi. Wenzake wakamuuliza ile simu mpya kaitoa wapi.

"Si korosho za mzee," akasema kwa raha zake. "Magunia mawili, nimewapelekea kangomba, wale wanunuzi wa magendo, usiku. Mzee yuko nyumbani anasubiri mnada wa chama cha ushirika, mimi nimeshafanya mnada wangu. Mzigo wenyewe niliuficha hapa hapa kwa mjomba."

Nikageuka kutazama nyuma ya banda. Kumbe zile "mbaazi" alizoniomba nimhifadhie!

Pale pale boti akaacha vita. Akageuka, taratibu, kwa kuwayawaya, mpaka akapata kisogo cha mpwa wangu, akamwaga magazini nzima. Kwenye mchezo huu risasi ya mwenzako haikudhuru, lakini boti hapangwi kumpiga mwenzake hata kidogo. Akajaza, akamwaga ya pili.

"Boti kaharibika," wakasema.

Adhana ya Isha ikaanza. Boti akasimama tuli. Maadui wakamuua, akafufuka, akasimama tena pale pale alipofufukia, wakamuua tena. Muadhini alipomaliza tu, boti akaondoka mbio, anatazama mbinguni, anamtafuta mpwa wangu. Mimi nikanyamaza. Msikiti uliokuwa unaadhini ni ule ulio karibu na kwa shemeji yangu, baba yake mpwa.

Mambo yalikuwa hivi: simu yake ya zamani mpwa alimpa baba yake, mchezo ukiwa ndani pamoja na akaunti ya pili aliyoifungua enzi hizo ili ajitumie zawadi. Jina lile lilikuwa bado kwenye orodha yake ya marafiki, na wakati wa kualika watu aligonga majina bila kuyasoma. Mzee aliona kitufe kinawakawaka, akakibonyeza. Kusikia na kuongea ni swichi mbili tofauti: sauti ya timu ilikuwa imewashwa tangu mwanzo, ila maiki inadai ruhusa, na ruhusa mzee aliikatalia, maana aliambiwa asikubali kila kinachouliza simuni. Kwa hiyo alisikia kila neno, asiweze kutukana hata moja.

Asubuhi shemeji alikuja bandani. Alisalimia vizuri, jambo lililonitia hofu zaidi.

"Shemeji, nasikia una mbaazi zangu."

Nikaanza kuapa. Akaninyamazisha kwa mkono, akaweka simu mezani. "Hayo baadaye. Nifundishe kuongea humu."

Ningefanyaje? Nikafungua Mipangilio, nikaingia Programu, nikautafuta mchezo, nikagusa Ruhusa, kisha Maikrofoni, nikaruhusu itumike mchezo ukiwa wazi. Ndani ya mchezo wenyewe nikawasha alama ya maiki na kuchagua Timu badala ya Wote, kwani ukiacha Wote hata adui anasikia ya nyumbani kwako. Tukajaribu: moja, mbili. Ikashika.

Jioni vijana wakajazana tena. Mpwa akaalika watu, jina la tarakimu likaingia.

"Boti wetu karudi!" akapiga kelele.

Spika ikakwaruza kidogo. "Mwanangu, mnada umefunguliwa. Hiyo simu mkononi mwako inaanzia shilingi ngapi?"