Kipimajoto Kimejengewa Kivuli, Mwanafunzi Je?

Binti wa kaka yangu yuko darasa la sita hapa Tanga. Juzi alirudi na karatasi ya jaribio la Sayansi, swali mojawapo likiwa: "Taja athari tatu za mabadiliko ya tabianchi." Akaandika ukame, akaandika mafuriko, na ya tatu akaandika: "Darasani kunakuwa na joto, mwalimu anafundisha hatuelewi." Mbili za kwanza zimepata vema. Ya tatu imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa jibu lililotakiwa: kuyeyuka kwa barafu ya Mlima Kilimanjaro. Akaniuliza, "Shangazi, kwani hapo nimekosea nini?"

Hakukosea. Nilipandwa na hasira, na hazijanishuka mpaka naandika haya. Simlaumu mwalimu, yeye anasahihisha kama alivyoelekezwa. Na barafu ya Kilimanjaro inapungua, hilo sina ubishi nalo. Ila mtoto wa Makorora barafu ile anaijua kwa picha, na joto la Februari analijua kwa mgongo wake. Tumemwuliza tabianchi inafanya nini, akatujibu kwa anachokiishi, tukamnyima alama.

Madarasa ya shule ile nayajua, na wengi wenu mnayajua ya namna hiyo: tofali za saruji, bati juu, dari hakuna. Ikifika saa tano asubuhi bati linaanza kulia tak, tak, linatanuka kwa jua. Tazama mkono wa mtoto anayeandika. Jasho linatoka kwenye kigasha, linalowesha daftari, na pale palipolowa kalamu haiandiki tena, inateleza tu. Wenye leso wanaitandika chini ya mkono. Wasio nayo wanaruka sehemu ile ya mstari na kuendelea mbele. Mwalimu akikagua daftari anaona mwandiko mbaya.

Sasa njooni kwenye Jiografia ya sekondari, maana ndiyo inayonikereketa zaidi. Kila aliyepita kidato cha kwanza amechora kisanduku cha Stevenson, kile cha kuwekea vipimajoto kwenye kituo cha hali ya hewa. Kimepakwa rangi nyeupe ili kirudishe miale ya jua. Kuta zake ni vibao vya kulala, hewa ipite pande zote. Paa lake ni la tabaka mbili. Kimesimamishwa kwenye miguu, mita moja na zaidi kutoka ardhini, joto la udongo lisikifikie. Yote hayo ni kwa ajili ya kulinda vipimajoto vilivyomo ndani. Wanafunzi wanakariri sifa hizo neno kwa neno, wanazijibu kwenye mtihani wakiwa wamekaa ndani ya chumba kisicho na hata moja kati yake, na hakuna anayewaambia wanyanyue macho walitazame paa lao!

Kwangu mimi somo lote la joto la mjini lingeanzia hapo. Redio ikitangaza kwamba Tanga leo ni nyuzi joto 32, hizo ni nyuzi za ndani ya kisanduku, kivulini, hewa ikipita. Hakuna aliyepima chini ya bati la darasa. Na bati likishapata moto haliishii kupasha hewa ya chumba, linamulika joto moja kwa moja kwenye vichwa vilivyo chini yake. Ndiyo maana unaweza kukaa kwenye vyumba viwili ambavyo kipimajoto kinasoma sawasawa, kimoja ukakivumilia na kingine kikakutoa mbio.

Halafu kuna unyevu, na sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa walimu wa jambo hili. Mwili unapoa jasho linapokauka. Wakati wa kaskazi, kabla masika hayajaanguka, hewa yetu imeshiba mvuke wa bahari, jasho linatiririka na halikauki, kwa hiyo unapoteza maji na bado hupoi. Mtu wa Dodoma akiwa na nyuzi zile zile anapumua. Mwaka 2010 wanasayansi wawili, Steven Sherwood na Matthew Huber, walikokotoa kwamba kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi kikisoma nyuzi 35 kwa saa kadhaa, hata mtu mzima mwenye afya, aliyekaa kivulini na kupepewa, mwili wake hauwezi tena kujipoza. Kipimo hicho si kigeni kwa kidato cha kwanza: ndiyo haigromita yao, kifaa cha kupimia unyevu wa hewa: vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja chenye kitambaa kibichi. Wanaichora. Kuitengeneza ni vipimajoto viwili vya maabara, kipande cha pamba na kikombe cha maji.

Basi itengenezwe. Itundikwe darasani. Watoto wenyewe wasome saa mbili asubuhi, saa sita na saa nane mchana, waandike ubaoni. Wengine wasome chini ya mwarobaini, wengine kwenye veranda. Wakishapata tofauti, waulizwe kwa nini. Hapo watafika wenyewe kwenye rangi ya paa, kwenye madirisha yaliyowekwa upande mmoja tu, kwenye uwanja uliofyekwa ukabaki mchanga mtupu. Wapime na nyumbani usiku, huko Ngamiani ambako nyumba zimebanana, ukuta wa saruji uliokunywa jua mchana kutwa unaurudisha moto saa nne za usiku mtoto akitafuta usingizi. Asubuhi anasinzia, anaitwa mvivu.

Na daftari la vipimo lipelekwe kwenye kamati ya shule, lisomwe, lifanyiwe kazi. Hili ndilo ninaloling'ang'ania. Mtoto akipima halafu watu wazima wasibadilishe kitu, tumemfundisha kwamba sayansi ni ya kujibia mtihani. Hisabati ihamie vipindi vya asubuhi kuanzia Januari hadi Machi. Dari iwekwe, hata darasa moja moja kila mwaka. Maji ya kunywa yawepo. Watoto wajue pia dalili: mwenzao akianza kuweweseka, ngozi inachoma kama moto, asiachwe "apumzike kidogo", amwagiwe maji, apepewe, apelekwe hospitali upesi, kwa sababu mwili ukivuka nyuzi 40 ubongo unaanza kudhurika.

Na adhabu ya kupiga magoti juani ikome. Nisieleweke vibaya, nidhamu naitaka kama mzazi yeyote. Lakini shule inayomfundisha mtoto athari za joto saa tatu na kumpigisha magoti kwenye mchanga unaowaka saa saba, hilo somo la saa tatu imelifuta yenyewe. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, watoto wengi wa Tanga wamefunga. Mtoto aliyefunga, juani, saa saba mchana. Mwalimu wa zamu afikirie hapo.

Wapo watakaoniambia madarasa yamefurika, walimu hawatoshi, fedha za dari hazipo. Ni kweli, sikatai. Ila kipimajoto si dari, na kuhamisha kipindi hakununuliwi dukani. Wengine watasema pandeni miti. Ipandwe, tena mingi, lakini mche wa leo utamfunika mtoto atakayezaliwa kesho. Na kwanza tuache kukata mwembe uliokwisha kukua kwa sababu majani yake yanachafua uwanja.

Wala sisi si wa kwanza kupatwa. Ahmedabad, India, iliuawa watu na joto mwaka 2010. Kufikia 2013 ilikuwa na mpango wake wa mji mzima wa kukabili joto, na baadaye mapaa ya nyumba za masikini yakaanza kupakwa rangi nyeupe na chokaa. Chokaa! Amboni yenyewe imekaa juu ya mawe ya chokaa. Najua ukiipaka kwenye bati masika itaiosha, itabidi irudiwe kila mwaka, na rangi nyeupe ya mafuta ingedumu zaidi. Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto. UNICEF inasema mwaka huo wanafunzi wasiopungua milioni 242 duniani walivurugiwa masomo na hali ya hewa, na mawimbi ya joto ndiyo yaliyoongoza. Sisi hapa Tanga hatujafunga shule kwa joto, lakini darasa linaloanza kusinzia saa tano, sijui tuliite limefunguliwa kwa ajili ya nini.

Mkutano wa wazazi uko karibu. Nitaanza na ile adhabu ya juani, maana kuiondoa hakuhitaji bajeti, halafu nitaomba vipimajoto viwili na ruhusa ya kuvitundika. Kama kamati itasema haina, vya darasa la binti yetu nitavinunua mimi. Wenye watoto Mabawa, Duga, Chumbageni na kwingineko, ulizeni na huko kwenu, mniandikie mlichojibiwa.