Sultan Khan na orodha ya 1950: FIDE bado inadaiwa

Tangu Februari 2024, FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ilipompa marehemu Sultan Khan cheo cha grandmasta wa heshima, simulizi imekuwa moja tu: mtumishi asiyejua kusoma aliyetoka Punjab, akawashinda mabingwa wa dunia kwa kipaji alichozaliwa nacho, kisha akatoweka. Wanaoisimulia wanaipamba, wanapiga makofi, wanasema haki imetendeka. Mimi nasema haijatendeka. Cheo kimekuja miaka 58 baada ya mwenyewe kufariki, tena kimekuja na neno "heshima" kwa nyuma, kana kwamba ni hisani.

Tuanze na orodha yenyewe. Mwaka 1950 FIDE ilitoa rasmi kwa mara ya kwanza cheo cha grandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji chesi, kwa wachezaji 27. Wapo waliokuwa kileleni wakati huo: Botvinnik, Bronstein, Keres, Smyslov, Najdorf, Reshevsky. Lakini wamo pia wazee waliopewa kwa kazi ya zamani. Oldřich Duras alikuwa ameacha mashindano makubwa tangu 1914. Akiba Rubinstein alikuwa amejitenga na mashindano kwa karibu miaka 20, ugonjwa umemwelemea. Jacques Mieses alizaliwa 1865. Wote walipewa, na walistahili. Hakuna aliyeambiwa chake ni cha heshima.

Kwa hiyo mtu asituletee hoja kwamba Sultan Khan aliachwa kwa sababu alikuwa ameacha kucheza. Kustaafu hakukuwa kikwazo kwa Duras wala kwa Rubinstein. Wala hakuwa amekufa: aliishi hadi Aprili 1966, miaka 16 baada ya orodha ile, kijijini upande wa Sargodha. Barua ingemfikia.

Sasa tazama alichofanya. Alifika Uingereza mwaka 1929 na msafara wa bwana wake, Sir Umar Hayat Khan, kabaila wa Punjab, na mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa Uingereza kule Ramsgate. Akautwaa tena 1932 na 1933. Kwenye mashindano ya Liège 1930 alimaliza wa pili nyuma ya Tartakower, na mwaka uliofuata akamshinda Tartakower huyohuyo katika pambano la michezo 12, pointi 6.5 kwa 5.5. Hastings 1930/31 alikuwa wa tatu, nyuma ya Euwe na Capablanca, bingwa wa dunia wa zamani, ila mchezo wake na Capablanca aliushinda yeye. Kwenye Olimpiadi ya Prague 1931 alikaa meza ya kwanza ya Uingereza, akawafunga Flohr na Rubinstein, akatoka sare na Alekhine, bingwa wa dunia aliyekuwa katika ubora wake wa juu kabisa. Bern 1932 nafasi ya nne, London 1932 ya tatu kwa kulingana na Kashdan.

Tartakower, Flohr, Rubinstein. Watatu hao wote wamo kwenye ile 27. Aliyewashinda hayumo.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni hili la "kipaji cha kuzaliwa", kwa sababu linafuta kazi yake. Kuhusu kutojua kusoma, familia yake imekanusha hadharani, na kuhusu utumishi pia wana maelezo yao. Mimi nabaki kwenye ubao. Sultan Khan alikulia katika chesi ya Kihindi, na anayesema alihama kutoka kanuni zile kwenda za Ulaya kwa kipaji tu hajawahi kukaa akazilinganisha.

Kwanza, katika kanuni zile askari hatembei nyumba mbili kwa hatua ya kwanza. Ukitaka askari wa mbele ya mfalme afike e4 unatumia hatua mbili, e3 kisha e4 (herufi ni mstari wa ubao, a hadi h; namba ni safu, 1 hadi 8). Majeshi yanakutana kwa kuchelewa, na mchezaji anazoea kujenga taratibu nyuma ya ukuta wake. Mlete mtu huyo Ulaya, ambako kufikia hatua ya nne farasi wawili wameshatoka na kitovu kinagombaniwa: kila ufunguzi ataanza akiwa nyuma kwa hatua moja au mbili, na wenzake wamekariri funguzi hizo tangu utotoni. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Michezo mingi alitoka kwenye ufunguzi akiwa vibaya, ikambidi aikomboe katikati na mwishoni.

Pili, hakuna ile hatua ya mfalme na ngome kuhama pamoja. Badala yake mfalme ana ruhusa ya kuruka kama farasi mara moja tu, na akishapigwa cheki, yaani kushambuliwa moja kwa moja, kabla hajaruka, ruhusa imekwisha. Kwa hiyo katika chesi ile cheki ya mapema ina faida ya kweli, inamnyang'anya mpinzani kinga. Kwa kanuni za Ulaya cheki ya namna hiyo mara nyingi ni kupoteza hatua tu: mpinzani anaweka kete katikati, anamkimbiza malkia wako na anaendelea na shughuli zake. Mazoea kama hayo hayatoki kwa kuambiwa. Yanatoka kwa kucheza mamia ya michezo na kuadhibiwa.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito wote, askari anayefika mwisho hageuki kuwa kete unayoitaka. Anageuka kuwa kete ya mstari aliofikia. Akifika a8 au h8 ni ngome. Akifika b8 au g8 ni farasi. Akifika c8 au f8 ni askofu. Malkia unampata katikati tu. Fikiria maana yake mwishoni mwa mchezo. Mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu: kwa kanuni za Ulaya, askari akifanikiwa kugeuka, umeshinda. Kwa kanuni zile, askari wa mistari b, c, f na g hawezi kukushindia hata akifika, kwa sababu farasi mmoja au askofu mmoja hawezi kumuua mfalme. Mistari minne kati ya minane, sare. Aliyekua na hesabu hiyo kichwani amejifunza kupima kila askari kwa mstari wake, na kila mabadilishano ya kete kwa askari atakayebaki. Akivuka kwenda Ulaya, thamani za askari zote zinabadilika kwa siku moja. Ilimpasa abomoe hesabu ya miaka mingi na kujenga nyingine, akiwa mtu mzima, ugenini, kwenye baridi, huku malaria ikimrudia mara kwa mara.

Wakati huohuo malezi yale ndiyo yaliyompa uvumilivu wake. Uchukue ule mchezo wa Hastings dhidi ya Capablanca, uupange ubaoni. Sultan Khan ana nyeupe. Hatua ya tano anasogeza askari a3, kuzuia askofu mweusi asije b4 kumbana farasi, wazo ambalo miaka mingi baadaye lingeitwa kwa jina la Petrosian, bingwa wa dunia wa baadaye. Kufikia hatua ya 21 ngome za Capablanca zinaingia kwa kishindo mstari wa c, moja c1 kwa cheki, nyingine c2. Inaonekana ni shambulio la ushindi. Sultan Khan anatoa malkia na kuchukua ngome zote mbili. Malkia huishi kwa cheki na kwa kushambulia kete mbili kwa mpigo, na hapa hakuna njia: kitovu kimefungwa na askari, mfalme mweupe amejificha nyuma ya d4 na e3. Malkia mweusi anazunguka bila shabaha, na ngome mbili zinasogea pole pole, zikilindana, mpaka Capablanca anasalimu amri hatua ya 65. Huyo ni mtu anayejua anachofanya. Capablanca mwenyewe aliandika baadaye kwamba kipaji chake kilikuwa cha ajabu, na alikuwa na haki ya kulisema hilo. Wengine tunapaswa kuongeza neno kazi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maisha yake ya mashindano Ulaya hayakufika miaka mitano, kwa kuwa mwishoni mwa 1933 alirudi nyumbani na bwana wake. Nakubali hakuwahi kumaliza mbele ya Alekhine. Alipoteza pia michezo ambayo hakupaswa kuipoteza. Hata hivyo wengi wa ile 27 hawakuwahi kumfunga Capablanca.

Na kuna gharama nyingine ya kosa lile. Vitabu vinasema grandmasta wa kwanza wa Asia ni Eugenio Torre wa Ufilipino, mwaka 1974. Torre ni mchezaji mkubwa na simpunguzii kitu. Lakini orodha ya 1950 ingeandikwa kwa haki, Asia ingekuwa na grandmasta miaka 24 kabla, na watoto wa Lahore na Madras wangekua wakijua hivyo. India ilimsubiri grandmasta wake wa kwanza, Anand, hadi 1988.

FIDE ikitaka kumaliza jambo hili, ifute neno "heshima", iandike jina lake pamoja na wale wa 1950, awe wa 28. Na wakishafungua jalada hilo wasilifunge haraka. Katika nyumba ileile ya Sir Umar alikuwepo Fatima, aliyetwaa ubingwa wa wanawake wa Uingereza mwaka 1933, pale Hastings, mwaka uleule Sultan Khan alipochukua wa kwake wa tatu. Jina lake nalo liwekwe mezani.