Kituo pacha hakitoshi kuokoa mtandao wa simu

Asubuhi ya Desemba 12, 2023, wateja wapatao milioni 24 wa Kyivstar, kampuni kubwa kuliko zote za simu nchini Ukraine, walijikuta hawana mtandao. Mjini Lviv, taa za barabarani zilizokuwa zikiwashwa na kuzimwa kupitia mtandao huo ilibidi zizimwe kwa mkono. Minara ilikuwa mizima. Kilichoangamia ni maelfu ya seva pepe (seva za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya mashine halisi) na kompyuta, zilizofutwa na wadukuzi ambao, kwa maelezo ya idara ya usalama ya Ukraine, walikuwa wamejipenyeza ndani tangu Mei au kabla.

Ndipo linapokuja swali la fedha za kujikinga na majanga: ziende kwenye kituo pacha kinachonakili kila kitu papo hapo, au kwenye nakala rudufu iliyotengwa kabisa na mtandao?

Huku kwetu, ambako simu ndiyo benki ya wengi, kituo pacha kina hoja nzito. Tuseme nakala ya mwisho ilichukuliwa usiku wa manane na seva ikafa saa sita mchana. Wakala aliyetoa fedha taslimu saa nne asubuhi atakuta muamala wake haupo, na aliyepokea malipo atarudishiwa salio la jana. Hasara hiyo haikubaliki hata kidogo. Moto, mafuriko au umeme ukiangusha kituo kikuu, pacha hushika zamu na hesabu zikabaki salama.

Lakini pacha huiga na maangamizi. Amri ya kufuta data ikipita upande mmoja, inaweza kufika wa pili ndani ya sekunde chache, na mara nyingi nywila za wasimamizi ni zile zile pande zote mbili.

Kwa maoni yangu, kosa ni kuzipa data zote dawa moja. Miamala inahitaji pacha, hilo halina mjadala. Kanzidata ya wateja na mipangilio ya mitambo hubadilika polepole: nakala ya jana ingerudisha karibu laini zote, na waliosajiliwa leo wangesajiliwa upya. Kuihifadhi nje ya mtandao si gharama ya kutisha. Kampuni isiyo nayo imezembea.

Kurejesha nako kuna mitego yake. Julai 2022 nchini Japani, kampuni ya simu ya KDDI ilibadilisha ruta, kifaa kinachoelekeza data, katika matengenezo ya kawaida, simu za sauti zikakwama. Mafundi waliporudisha hali ya awali, simu nyingi mno zikaomba kusajiliwa kwenye mtandao kwa wakati mmoja, na kanzidata ya wateja ikaacha kuoana na mitambo mingine. Usumbufu ulipita saa 60, bila mdukuzi wala moto.

Kwa hiyo mdhibiti anayekagua asiridhike kuonyeshwa jengo la pili. Aulize ni lini mara ya mwisho mfumo ulijengwa upya kutoka nakala iliyotengwa, ilichukua saa ngapi, wateja watarudishwa kwa awamu zipi, na mafundi watawasiliana kwa njia gani laini za kampuni yao zikiwa zimekufa.