Ahadi na taslimu

Jumanne usiku simu yangu ililia mfululizo. Ni kundi letu la mtaa hapa Chang'ombe, Dodoma, ambalo siku zote ni la salamu za asubuhi na picha za maua. "Mbukwenyi wapendwa. Mwenzetu fundi seremala amelazwa, ni kidole tumbo, anatakiwa operesheni. Tumshike mkono, hata buku tano." Chini yake orodha imeshaanza: jina, ahadi, taslimu. Upande wa ahadi umejaa. Upande wa taslimu wamo wawili, mmoja wao mweka hazina mwenyewe.

Niacheni nikasirike kidogo. Huyu fundi namjua. Juni alitoa 100,000 ya harusi ya mtoto wa bosi wake wa zamani, na sare akashona. Nilipomwambia kijiweni, "Kaka, kata bima," alinicheka: "Mdogo wangu, nilipie homa ambayo sijaiugua?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nisije nikaonekana naringa.

Swali hilo ndilo linalotumaliza. Hivi ni Mgogo gani anajenga kihenge njaa ikishaingia ndani? Bima inasimama kwa sababu wazima ni wengi kuliko wagonjwa. Hela ya mzima ndiyo inayomtibu anayeumwa leo. Tukisubiri wote tuugue kwanza, mfuko unakauka. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ilikuwa Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, tukaelezwa kuwa wazazi wengi wanakata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa. Tulipiga kelele, mimi nikiwa mbele. Lakini tuambizane ukweli: nani alikwenda kumkatia kadi mtoto anayekimbiza tairi barabarani?

Na wewe unayetamba na kadi ya kazini, shemeji yangu naye alitamba. Ajira ilipokwisha, kadi nayo ikaenda zake.

Haya, najua mtakachosema. Unafika dirishani na kadi yako, unaambiwa mtandao hakuna, au dawa hii kanunue nje. Yamenikuta, nikatukana kimoyomoyo. Vifurushi vya mtu binafsi navyo si bei ya mchicha. Ila CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, tuliizoea kwa Sh 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6. Piga hesabu na ile harusi. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, sawa, lakini sheria haishikwi na tumbo saa nane usiku.

Alhamisi nilikwenda kumwona. Operesheni imefanyika, anaongea. Mkewe kakaa kwenye kiti cha plastiki, risiti kazifunga kwenye pindo la kanga kama bibi zetu walivyofunga sarafu. Akazifungua, akanihesabia moja moja: faili, damu, ultrasaundi, maji ya kutundikiwa, mpaka glavu. Halafu akaninong'oneza kwamba mashine ya randa imeshauzwa. Randa! Mashine iliyokuwa inalisha nyumba nzima.

Fundi akanivuta mkono.

"Mdogo wangu, ile bima uliyokuwa unaisema. Mtu aliyeshaugua wanampokea?"

Nikajifanya nina ujumbe wa kusoma. Nikafungua orodha. Jina langu lilikuwa namba saba: ahadi 20,000, taslimu kistari.