Kahawa Tunainywa Tangu Zamani

Kila Oktoba 1, Siku ya Kahawa Duniani, wito ni ule ule: Watanzania tuanze kunywa kahawa yetu wenyewe. Hoja ya biashara naielewa vizuri. Sehemu kubwa ya zao hili hupakiwa melini ikiwa bado mbichi, ikakaangwe na kupata thamani kwa wenzetu. Lakini nyuma ya wito huo kuna dhana nisiyoikubali hata kidogo, kwamba kahawa ni mgeni kwetu, na kwamba utaratibu wa kuinywa utaletwa na mashine za Kiitaliano na migahawa yenye viyoyozi.

Tuanzie Bukoba. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Karagwe kwa Mkama, yaani mfalme, Rumanika mwaka 1861, watu wa upande ule wa Ziwa Victoria walikuwa wakitafuna kahawa tangu enzi za mababu zao. Robusta yenyewe, aina ya kahawa ya huko, ilikuja kupewa jina la kitaalamu mwaka 1897. Wahaya huzichuma buni zikiwa bado hazijaiva, huzichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huzikausha. Mgeni akiingia ndani, kabla hajaulizwa habari za safari, huletewa akamwani, ndizo buni hizo, achukue chache atafune. Ukizitia mdomoni zina uchungu mkavu, na ukiendelea kutafuna harufu ya yale majani inapanda puani. Hadi leo zinauzwa mjini zikiwa zimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba.

Na haikuwa kiburudisho tu. Tunda la kahawa huwa na buni mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana buni hizo, kila mmoja akaila ya mwenzake ikiwa imepakwa damu. Baada ya hapo kumsaliti mwenzako lilikuwa jambo zito kuliko kumsaliti ndugu wa tumbo moja. Nani apande mibuni, hilo nalo lilikuwa mikononi mwa wakama. Sishangai kwamba mwaka 1937, serikali ya kikoloni ilipong'ang'ania kuwapangia Wahaya kanuni za kutunza mibuni, watu waliandamana. Kahawa ilikuwa jambo la heshima yao kabla haijawa bei.

Pwani kahawa ilikuja kwa njia nyingine, kwa jahazi na kwa dini. Masufi wa Yemeni waliinywa tangu karne ya 15 ili wakeshe katika dhikiri, na desturi hiyo ikashuka hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Ndiyo maana mpaka leo kahawa haikosekani kwenye maulidi, kwenye hitima, na usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe. Wenyewe Mombasa huiita kahawa tungu, yaani chungu, na ni tungu kweli. Haitiwi sukari. Utamu unatoka kwenye kipande cha halua au kashata unachokiuma kabla ya kupiga funda.

Mtazame muuzaji akiwa kazini. Dele la shaba, birika lake la kahawa, liko juu ya jiko dogo la makaa, mkono mmoja umelishika, mwingine umepanga vikombe visivyo na mikono na kuvigonganisha, kli-kli, kli-kli, na mtaa mzima unajua amepita. Buni amezikaanga mwenyewe nyumbani hadi zikawa nyeusi, akazitwanga kwenye kinu pamoja na tangawizi au iliki. Anamimina kidogo, robo tatu ya kikombe, maana kahawa ya baraza hunywewa polepole huku mazungumzo yakiendelea. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, watu wamejadili uchaguzi, bei ya karafuu na mpira wa Ulaya juu ya vikombe hivyo kwa miaka mingi. Vijiwe vya Kariakoo na Magomeni ni watoto wa baraza hizo.

Kilimanjaro ndiko kitendawili kilipo. Arabika, aina nyingine ya kahawa, ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi walipotaka Wachagga wazuiwe kuilima, Wachagga wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vyao vya ushirika. Kahawa ikawa karo, ikawa bati, ikawa hospitali. Lakini jioni kinachotoka ni mbege, pombe ya ndizi, na asubuhi ni chai. Mfumo mzima ulijengwa ili buni zitoke shambani, ziende kukobolewa, zipite mnadani Moshi na kuishia bandarini. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyomtaka mkulima aikaange. Hilo halikutokana na ladha ya Mchagga. Ni matokeo ya sera, na sera hubadilishwa.

Kwa hiyo mimi nasema fedha za kampeni zielekezwe kwa muuza kahawa wa mitaani kwanza. Huyu tayari ana wateja wa kila siku, ana ujuzi wa kukaanga, na bei yake inamfaa mpiga debe. Anachokosa ni buni nzuri. Nyingi anazopata ni zile zilizobaki baada ya zenye daraja la juu kwenda nje, na ndiyo sababu moja anaziunguza hivyo. Vyama vya ushirika vikimtengea magunia machache ya daraja zuri kwa bei ya jumla, kahawa za Mbeya na Mbinga zitafika Magomeni bila tangazo lolote la televisheni.

Liko na jambo la wanawake. Nyumbani Pwani wao ndio hukaanga na kutwanga, lakini kijiweni huwaoni wameketi. Baraza hilo lazima lipanuke, na naona limeanza: kuna kinamama Dar wanaotembeza chupa za kahawa ya tangawizi alfajiri stendi, na foleni zao zina wasichana wengi kuliko wanaume.