Muuzaji Haoni Tili, Halafu Unamkata Mshahara?

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye maduka mtaani hapa Nairobi, mwenzetu mmoja ameandika kwa majivuno kwamba amemkata msichana wake wa duka mshahara kwa sababu ya gesi. Ile ya kilo 13. Mteja alikuja na mtungi mtupu, akaonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, akapewa mtungi uliojaa, akapanda bodaboda akaenda zake. Ujumbe ulikuwa wa kutengeneza. Kundi likamwaga vidole gumba. Huyu akashauri kamera, yule akaleta namba ya fundi wa grili. Mmoja akasema dawa ya wezi ni tairi na petroli, na huyo sitamjibu, maana Jumapili namwona kanisani.

Hakuna aliyeuliza jambo la kwanza kabisa: ujumbe halisi wa tili (namba ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa), ule unaoingia upande wa duka, huyo msichana angeuona wapi?

Sote tunajua jibu, maana wengi wetu ndivyo tulivyopanga. Tili imesajiliwa kwa laini ya bosi. Simu iko mfukoni mwa bosi. Bosi yuko Upper Hill kwenye kazi yake ya ofisi, au amekwama Thika Road kwenye matatu, chaji imebaki kidogo. Msichana yuko Zimmerman nyuma ya grili, saa moja na nusu jioni, foleni imefika kwenye mtaro. Mama anataka unga na mafuta ya kupima, mtoto amepenyeza mkono na ishirini bob anaita "maziwa! maziwa!", na jamaa wa gesi ameinua simu juu anasema, "Nimetuma, angalia." Msichana anapiga simu kwa bosi. Bosi hashiki. Anapiga tena. Foleni inaanza kulalamika: "Si amekuonyesha ametuma? Unatuchelewesha!" Hapo anaamini skrini ya mtu asiyemjua, kwa sababu ndiyo skrini pekee iliyo mbele yake.

Mwizi anaujua mpangilio huu kuliko sisi. Haji saa nne asubuhi duka likiwa tupu. Anakuja jioni. Wengine hata hawahangaiki kughushi: wanaonyesha ujumbe wa kweli wa juzi, kiasi kile kile, wakiweka kidole gumba juu ya tarehe.

Sasa tuambiane ukweli. Kwa nini ujumbe wa tili haumfikii muuzaji? Sababu tunayoitoa ni usalama wa pesa. Sababu ya pili hatuitaji: hatutaki ajue duka linaingiza ngapi kwa siku, asije akaomba kuongezwa. Basi tunamfunga macho, tunamkabidhi duka la laki kadhaa, na wenye macho wakija kumwibia tunamwambia alikuwa mzembe.

Najua mtakachosema. Wauzaji nao huiba. Haya, nakubali, na nakubali shingo upande. Wapo wanaouza mikate yao binafsi kwenye rafu ya bosi. Wapo wanaomwambia mteja, "Tili ina shida leo, tuma kwa hii namba." Sheria inawajua: kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu kinampa mfanyakazi anayemwibia mwajiri hadi miaka saba jela. Lakini nieleze vile kumficha ujumbe wa tili kunazuia hayo. Anayempa mteja namba yake mwenyewe hahitaji kuona tili yako hata kidogo; anafurahi kwamba wewe uko mbali na ujumbe hauji. Kinachomkamata ni hesabu ya bidhaa, ile ya kuhesabu sukari iliyoingia na sukari iliyobaki, ambayo wengi wetu huifanya Disemba, kama tumekumbuka.

Suluhisho halina gharama ya kutisha. Chukua mulika mwizi, ile simu kabambe ya vibonye ambayo betri yake inamaliza siku kadhaa. Weka laini ya duka. Omba namba hiyo iongezwe kwenye tili ipokee taarifa za malipo tu, bila uwezo wa kutoa pesa. PIN inabaki kwako na pesa zinabaki kwako. Ifunge kwa kamba kwenye mguu wa kaunta isiondoke na mtu. Halafu toa amri moja: bidhaa haivuki grili mpaka simu ya duka ilie. Bandika hilo kwa herufi kubwa chini ya namba ya tili, ili mteja agombane na karatasi, asigombane na msichana.

Mfundishe pia asome. Ujumbe wa kweli unatoka kwa mtumaji aliyeandikwa MPESA. Hautoki kwa namba ya 07 wala 01, hata kama maneno ndani yake yamepangwa vizuri namna gani. Atazame kiasi, tarehe na saa. Malipo makubwa, kama ya gesi au katoni ya mafuta, aandike namba ya muamala kwenye daftari na bidhaa iliyotoka, kwa sababu kuna ndugu zetu wanaolipa kweli, wakifika kona wanatuma ujumbe kwa 456 wakidai walikosea namba, ili warudishiwe pesa. Huyo utamjibu kwa daftari, si kwa kelele.

Mama yangu aliuza dukani kwake Umoja kabla M-Pesa haijaja mwaka 2007, na wezi wake walikuwa wa noti. Mtu anatoa elfu moja, ananunua kiberiti, anapewa chenji, anabadilisha mawazo anataka sigara, anadai noti yake kwanza, anaomba mia tano mbili, na kufikia hapo wewe mwenyewe hujui nani anamdai nani. Mama hakuwa na kamera. Alikuwa na jiwe la mizani la kilo moja. Noti yako ilikaa juu ya kaunta, chini ya jiwe, mbele ya macho yako na yake, mpaka umehesabu chenji na kusema "sawa." Ndipo noti iliingia kwenye mkebe wa Blue Band. Ukibadilisha mawazo katikati, alikurudishia noti ile ile na mchezo unaanza upya. Nimewaona matapeli wenye suti wakikata tamaa mbele ya lile jiwe. Watoto wake sote tulikaa kaunta hiyo na hakuna aliyefichwa chochote. Tulijua mpaka ni nani ana deni la mkate tangu Februari. Sisemi muuzaji ni mtoto wako. Nasema aliye kaunta lazima aone pesa ikiingia, iwe noti au ujumbe, la sivyo hana anacholinda.

Kamera? Weka kama unazo pesa. Itakuonyesha vizuri kabisa kofia ya mtu aliyekuibia. Ila mchunge ile tabia ya kubandika sura za watu mlangoni na kwenye Facebook mkiandika MWIZI. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Huyo hakuwa ameitwa hata mwizi.

Grili, sawa. Kufuli mbili, sawa. Soja wa kuchangiana, sawa, mkimlipa. Na maduka yaliyovunjwa wakati wa maandamano katikati ya jiji Juni 25 mwaka 2024, yakarudi Juni 25 mwaka 2025, ni habari nyingine. Hapo soma bima yako, maana bima ya kuvunjiwa na bima ya ghasia mara nyingi huuzwa mbalimbali.

Nirudi kwa mshahara, maana ndio ulioniudhi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, hairuhusu ukate tu kwa sababu umekasirika. Kwa mali iliyopotea, inataka iwe ni kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na kiasi kiwe cha haki. Kwa upungufu wa pesa, inataka uzembe au udanganyifu wake, na mkataba uwe umesema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sasa niambie, bosi wa kilo 13: mkataba uko wapi? Kama upo na unasema msichana anapokea pesa, mbona pesa zinaingia kwenye simu asiyoiona? Na kama hapokei pesa, uzembe wake ni upi? Kwamba hukushika simu?

Mimi sitaki umwamini kama malaika. Hesabu bidhaa kila wiki, naye akiwepo, msaini wote wawili. Muonyeshe tili. Ukimkuta ameiba, nenda kituoni uandikishe, usimalizane naye kwa kumkata mia tano mia tano kila mwezi huku ukimtukana mbele ya wateja.

Na kama yote hayo ni mzigo, kaa kaunta mwenyewe. Mkate unafika saa kumi na moja alfajiri, usipokuwepo kreti inaachwa nje na jirani anajisaidia. Unafunga saa nne usiku. Choo kiko nyuma ya ploti, ufunguo uko kwa keateka.